Kulipeleka darasa karakanani Mwanza: fuata bua moja kutoka ziwani hadi kikapuni

Safari ya kwanza niliyoiongoza ilikuwa na wanafunzi 78, basi moja, na chumba cha karakana ambacho watu 15 wakiingia wanagusana mabega. Watoto walipanga foleni, wakapita mbele ya vikapu, wakatokea mlango wa nyuma. Fundi, mama wa makamo, alikaa na kazi yake mapajani bila kupata nafasi ya kusema hata sentensi tatu. Kesho yake darasani niliuliza vile vikapu vimetengenezwa kwa kitu gani. Mikono kama kumi ikanyooka, na wote wakajibu "nyasi". Yalikuwa magugu maji, mmea ambao baba za baadhi yao huulaani kila alfajiri wanapotaka kutoa mtumbwi.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: darasa linafuata kitu kimoja, kuanzia kinapochukuliwa mpaka kinapotupwa. Tukichagua bua la gugu maji, basi siku nzima ni bua hilo. Neno "endelevu" linapita hewani kwa mtoto wa darasa la tano hadi aone kimechukuliwa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na nani amelipwa. Yafuatayo nimeyaandika kwa walimu wa Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi na kwingine kando ya ziwa ambao wanataka kutoka na darasa lakini hawajui waanzie wapi.

Chagua karakana kwa malighafi yake

Kando ya ziwa utakuta vikundi vya kinamama na vijana wanaosuka magugu maji, wengine mafunjo, wengine ukindu au katani. Usichague kwa uzuri wa vitu vilivyopangwa dukani. Uliza kwanza kimetengenezwa kwa nini, kwa sababu hesabu ya uendelevu inabadilika kabisa kulingana na jibu.

Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ni mojawapo ya njia zilizolileta. Likipata joto na maji yaliyojaa mbolea ya mashambani na maji taka, huweza kuongezeka maradufu katika wiki mbili hivi. Mbegu zake hukaa hai kwenye tope miaka mingi. Fundi akilivuna, hakuna anayepoteza.

Mafunjo ni ya hapa hapa. Yanachuja udongo na uchafu unaoteremshwa na mito kabla haujaingia ziwani, samaki wachanga wanajificha ndani yake, na kuna ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye maisha yake yote ni kwenye mafunjo. Yakikatwa kwa kupumzishwa, huchipua tena kutoka chini. Yakikatwa mfululizo, au yakachomwa ili pawe shamba, yanakwisha na ndege wake.

Kwa hiyo swali lilelile, "Mnavuna kiasi gani?", lina majibu mema mawili yanayopingana. Kwa gugu maji unafurahi kusikia "mengi". Kwa mafunjo unataka kusikia "kidogo, na tunahama sehemu". Darasa linaloenda mara ya kwanza ninalipeleka kwenye gugu maji, kwani hesabu yake ni nyepesi kuona. Sekondari wanaweza kupelekwa kwa wote wawili na kuachwa wabishane ndani ya basi wakati wa kurudi. Ubishi huo una thamani kuliko hotuba yangu yoyote.

Siku hizi kuna gugu jingine, salvinia, lenye vijani vidogo vilivyofungamana kama zulia. Nalo limesumbua vyombo ziwani. Waonyeshe watoto tofauti mapema: salvinia halina bua refu la kusuka, kwa hiyo si kila kinachoelea ni mali ya fundi.

Nenda peke yako kwanza

Hatua hii usiiruke hata kama karakana unaijua. Nenda wiki nne kabla, siku ya kazi, bila watoto. Msalimie fundi, keti, tazama kazi nusu saa kabla hujasema shida yako. Kisha omba kuzunguka nyuma ya jengo. Mbele ya karakana zote hufanana, nyuma ndiko kunakosema ukweli. Mimi hutazama haya:

- Maji ya rangi yanamwagwa wapi. Kama kuna mfereji wa zambarau au kijani unaoelekea ziwani, tafuta karakana nyingine. Ukipenda rejea siku nyingine uongee nao kwa upole, lakini si mbele ya darasa.
- Mabaki ya mabua na mizizi yanakwenda wapi: yanageuzwa mboji, yanachomwa, au yanarudishwa majini? Yakirudishwa, mbegu nazo zimerudi.
- Magugu yanavunwa upande gani. Mmea huu hufyonza uchafu, pamoja na metali nzito. Sipendi mabua yaliyovunwa karibu na mdomo wa Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji na kubeba yote unayokutana nayo.
- Vanishi inapakwa wapi. Iwe nje, penye upepo, na isiwe siku mtakayokuja.
- Choo, maji ya kunawa, na kivuli cha kukalisha watoto 40.

Angalia pia umbali wa jengo kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 za ufuko shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira. Futi kamba ya mita 30 inatosha kupima mara mbili, na nimeona wanafunzi wakiipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Basi iweke kwenye ratiba.

Mkikubaliana na fundi, ongeeni malipo siku hiyohiyo, wazi. Anaacha kazi yake nusu siku ili afundishe, na mafundisho yake ni kazi. Sikubaliani na ile tabia ya kusema "tutanunua vitu" kisha watoto wanafika na shilingi mia mia. Mlipe ada ya kufundisha, iandikwe kwenye bajeti ya safari, na ununuzi uwe jambo la hiari.

Mwombe jambo moja zaidi, na hili ndilo linalobeba safari yote. Wiki moja kabla ya ziara apime kilo 10 za mabua mabichi kwenye mizani, ayafunge kamba nyekundu, ayakaushe, asiyaguse. Afanye vilevile fungu la pili kwa kamba ya bluu, siku mbili baadaye. Mwachie daftari na kalamu aandike tarehe na hali ya hewa ya kila siku.

Tarehe, karatasi, gari

Julai na Agosti ndio wakati wenyewe. Jua ni kali, mabua yanakauka, barabara za ufukweni hazina tope. Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei huwapa mafundi taabu ya ukungu, na nanyi mtakuta vichanja vimefunikwa turubai. Darasa la saba waache. Mtihani wao wa taifa ni Septemba.

Barua ya maombi ipite kwa mwalimu mkuu kwenda kwa afisa elimu, iwe na majina ya wanafunzi, walimu, gari, njia na saa ya kurudi. Ipeleke wiki tatu kabla. Fomu ya mzazi iwe na namba ya simu na nafasi ya kuandika maradhi, kwa maana pumu na vumbi la mabua makavu havipatani.

Gari likaguliwe na askari wa usalama barabarani, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na bima uzione kwa macho yako. Mrudi kabla ya giza. Shule za Sengerema na Buchosa zinazokuja Mwanza zimeondokewa na mzigo wa kusubiri kivuko: Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na safari ambayo zamani huwezi kuiwekea saa sasa inapangika.

Wanafunzi wasizidi 40, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi. Darasa lako likiwa na 80, nenda mara mbili. Ni gharama, najua, lakini safari moja ya watoto 80 ni ile ya "nyasi".

Wiki ya kabla, darasani

Vipindi viwili vinatosha. Cha kwanza ni cha kukausha. Waulize nani kwao wanatengeneza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Mikono yote itanyooka. Waulize michembe ikianikwa siku ya mawingu inakuwaje, na watakueleza habari ya madoa meusi na harufu kabla hujafungua kitabu. Waulize na dagaa: kwa nini wale wa kwenye kichanja ni bora kuliko wale wa mchangani? Hewa inapita chini, hakuna mchanga. Basi waambie bua la gugu maji ni mchembe mwingine. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, na fundi kazi yake ya kwanza ni kuyatoa yote haraka kuliko ukungu unavyoingia. Sayansi yote ya siku ile imo humo.

Kipindi cha pili ni cha maswali. Kila kundi la watoto watano liandae maswali mawili, uyasome, uyarudishe yale yanayojibiwa kwa "ndiyo". "Je, mnatunza mazingira?" halifai, nani atajibu hapana? "Jana mlitupa nini, na mlikitupa wapi?" hilo ni swali. Wafundishe na adabu ya kuingia: shikamoo kwa kila mkubwa, na wale wa Kisukuma wanaweza kumwamkia fundi "mwangaluka mama". Nimeona uso wa fundi ukifunguka kwa neno hilo moja.

Sheria ya maji, isiyo na mjadala

Hakuna mtoto anayegusa maji ya ziwa wala gugu bichi. Kichocho kipo ufukweni kote huku. Konokono wanaokisambaza hupenda maji yaliyotulia penye majani, na zulia la magugu maji ni nyumba yao nzuri. Vijidudu hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya mtu aliye majini, na dakika chache zinatosha. Kwa hiyo fundi ndiye anayevuna, akiwa na buti na glovu, na watoto wanasimama juu, pakavu. Wanachoshika ni bua kavu tu.

Mitumbwini hawapandi. Hata mwenye mtumbwi akiwa mjomba wa mmoja wao, hata kama ni "pale tu". Mwalimu mmoja abaki kati ya watoto na maji muda wote, na kazi yake iwe hiyo peke yake.

Siku yenyewe

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi. Chakula kisiwe na karatasi za kutupa: michembe na karanga, viazi vya kuchemsha, kila mmoja na bakuli lake la mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na darasa linalokwenda kujifunza vikapu lisiache hata kifungashio kimoja nyuma. Maji ya kunywa yawe kwenye madumu ya lita 20, yaliyochemshwa, na kila mtoto na chupa yake.

Anzeni ufukweni, si karakanani. Fundi atoe gugu moja zima, aliweke kwenye turubai. Watoto wachuchumae kulizunguka, mikono magotini. Waonyeshwe mizizi kama manyoya, bua, jani. Waangalie jani kwa makini: mara nyingi utaona vidoa vidogo vilivyopauka, kama mtu amelikwangua kwa ukucha. Ni kazi ya fukusi. Katikati ya miaka ya 1990 aina mbili za fukusi wanaotoka kwao gugu hilo waliletwa ziwani ili walile. Mkubwa hukwangua jani, kiluwiluwi wake hutoboa ndani ya bua. Fundi akipasua bua lenye tundu analitupa pembeni, halisukiki, linakatika. Watoto wataona papo hapo kwamba wapo wawili wanaolipunguza gugu, mdudu na msusi, na kwamba wanagombea bua lilelile.

Waonyeshe pia kwa nini fundi anachagua. Gugu lililo peke yake kwenye maji wazi lina mabua mafupi yaliyovimba kama puto. Lililosongamana hurefuka kutafuta mwanga, na hilo ndilo linalofaa, kuanzia sentimita 60 kwenda juu.

Kisha mizani. Tundika fungu la kamba nyekundu, lakini kabla ya kusoma kila mtoto aandike kisio lake. Lilikuwa kilo 10 likiwa bichi. Wengi huandika 5, wakali wa hesabu huandika 3. Sindano ikisimama chini ya kilo 1, pale kimya huingia, halafu kelele. Waache wapige kelele. Ndipo uulize: ili fundi apate kilo 20 za mabua makavu, abebe mangapi kutoka ziwani? Hesabu hiyo huwa hawaisahau, na wanaanza kumtazama fundi kwa macho mengine.

Kusuka ngata

Kila mtoto atoke na kitu alichokifanya mwenyewe. Vikapu ni vigumu kwa siku moja, watoto wanakata tamaa na fundi anaishia kuvimalizia. Ngata inafaa zaidi. Wanaijua kwao, ile ya kuwekea ndoo kichwani, inavumilia makosa, na inakwisha kwa dakika 50.

1. Kila mtoto apewe mabua makavu tisa. Nusu ya darasa ichukue fungu jekundu, nusu la bluu, na kila mmoja aandike rangi yake daftarini.
2. Futa kila bua kwa kitambaa chenye unyevu. Unyevu tu. Fundi wetu hulipitisha bua kati ya kidole gumba na cha shahada, anasikiliza: likilia kama jani kavu bado halijalainika, likinyamaza liko tayari. Watoto hurudia hilo sikio likiwa karibu kabisa na mkono.
3. Bonyeza bua liwe bapa kwa kupitisha chupa juu yake kwenye meza.
4. Funga matatu kichwani kwa uzi wa katani, suka mkia wa nywele wa kawaida. Wasichana wengi watawafundisha wavulana hapa, na iwe hivyo.
5. Bua likibaki urefu wa kiganja, ongeza jingine juu yake na uendelee. Usiongeze mawili mahali pamoja, hapo ndipo ngata hukatika.
6. Msuko ukifika kama mita moja na nusu, uzungushe duara lenye tundu katikati, mzunguko juu ya mzunguko, na ushone kwa shazia, ile sindano kubwa, kila baada ya vidole vinne.
7. Anayetumia mkono wa kushoto msuko wake utaegemea upande wa pili. Usimrekebishe.

Shazia zihesabiwe kabla na baada. Ziwe sita au saba tu, zizunguke kwa zamu chini ya macho ya watu wazima.

Maswali kwa fundi

Ngata zikiisha, kaeni kivulini. Saa nzima iachwe kwa hili. Anzeni na bei. Mwombe fundi achukue kikapu kimoja na asimulie saa zake. Mkiwa na namba zake, fanyeni hesabu ubaoni. Tuseme kikapu kinauzwa shilingi 27,000, uzi, rangi na usafiri ni 4,500, na kinachukua saa 9. Kinabaki 22,500, yaani 2,500 kwa saa, na bado kodi ya chumba haijatoka, wala siku ambazo hakuna mteja. Namba za fundi wako zitakuwa nyingine, fanyeni za kwake.

Rangi nayo iulizwe. Kama anatumia manjano au maganda ya vitunguu na shabu ya kushikilia rangi, aeleze. Kama anatumia rangi ya dukani, aeleze vilevile bila kuona haya, na watoto waulize maji yake yanaishia wapi.

Swali ninaloliacha la mwisho ni hili: "Mama, magugu maji yakiisha ziwani, utafanya nini?" Nimelisikia likijibiwa kwa njia nyingi. Mmoja alisema atarudi kwenye ukindu aliofundishwa na bibi yake. Mwingine alikaa kimya muda, kisha akasema angefurahi, maana mume wake ni mvuvi. Usiingilie kimya hicho.

Mkirudi shuleni

Ngata zianikwe juani siku mbili, zitundikwe, zisirundikwe kabatini. Mabaki ya mabua makavu yaende kwenye shimo la mboji mbali na mfereji. Asitokee mtu wa kuchukua gugu bichi lenye ua zuri la zambarau akalipande kwenye bwawa la shule. Hivyo ndivyo lilivyosafiri dunia nzima.

Wiki hiyohiyo watoto waandike barua kwa fundi, na ndani yake wamwahidi taarifa. Taarifa yenyewe inakuja baada ya mwezi: kila mmoja analeta ngata yake, anaandika kama imekatika, imelegea, au ina ukungu, na rangi ya fungu lake.

Mwaka uliopita tulikuwa na ngata 36, na nne zilikuwa na ukungu. Nilimpelekea fundi karatasi ile mkononi. Aliisoma mara mbili, akauliza, "Mwalimu, hizi nne zote ni bluu?" Zote zilikuwa bluu. Akainuka, akaleta daftari nililomwachia, akafungua ukurasa wa lile fungu la pili, na kidole chake kikasimama kwenye mstari alioandika mwenyewe: siku ya tatu, mawingu kutwa, sikugeuza.